Harusi, shambani au mbugani: kuchagua kazi za kamera Nyanda za Juu Kusini

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kupiga picha huku kwetu ni la hela: kati ya harusi, kazi za mashirika na picha za utalii, ipi inalipa? Kabla ya kujibu huwa nawarudishia maswali mawili. Unaishi wapi: Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu? Na Jumamosi zako ni za nani? Nauliza hivyo kwa sababu sijamwona mpiga picha wa Nyanda za Juu Kusini anayekula mwaka mzima kwa kazi ya aina moja. Harusi zina msimu, chai ina msimu, Ruaha ina msimu, na maua ya Kitulo nayo yana miezi yake. Ukishika kazi moja tu, kuna miezi utakaa kijiweni. Cha kuchagua ni jozi: kazi mbili zinazokaa kwenye mwaka mmoja bila kunyang'anyana siku, tena zinazotumia vifaa vilevile kwa sehemu kubwa.

Basi naziweka tatu mezani. Ya kwanza ni sherehe: kipaimara, komunio, sendofu, harusi, mahafali. Ya pili naiita kazi ya shambani, yaani picha ambazo mashirika, kampuni za chai, vyama vya ushirika vya kahawa na wanunuzi wa parachichi huagiza kwa ajili ya ripoti, kalenda na mitandao yao. Ya tatu ni wanyama na mandhari: Ruaha, Kitulo, Ziwa Ngosi, Matema. Studio ya pasipoti siigusi. Ile ni biashara ya fremu ya duka na kodi ya pango, na mwenye kona nzuri Mwanjelwa au Miyomboni hahitaji ushauri wangu.

Mwanga ni wa nani?

Watu huanza kulinganisha kazi hizi kwa ukubwa wa lenzi. Mimi huanza na mwanga, kwa sababu ndiko zinakoachana kabisa.

Ukumbini mwanga ni wa mtu wa mapambo na DJ. Wewe umeukuta. Ngozi zetu chini ya taa ya zambarau hazitoki na rangi yake, na hakuna programu ya kuhariri itakayoirudisha, maana rangi nyingine hazikuwemo kwenye mwanga ule tangu mwanzo. Hapo flashi ni lazima. Ukiielekeza usoni moja kwa moja unapata paji la uso linalong'aa na kivuli cheusi ukutani, ndiyo maana wengi wetu huielekeza darini ili mwanga urudi ukiwa umelainika. Mbinu hiyo ni nzuri kwenye dari nyeupe ya jipsamu. Kwenye ukumbi uliofungwa vitambaa juu, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa, na bibi harusi anakuwa wa njano kama kamati imechagua dhahabu. Kwa hiyo fika mapema, simama katikati ya ukumbi mtupu, tazama juu. Ukiona kitambaa cha rangi, achana na dari. Weka flashi kwenye stendi pembeni ya jukwaa ukiwa umeivisha softiboksi ndogo (kifuniko cha kitambaa cha kulainisha mwanga), au igeuzie ukuta mweupe ulioko nyuma yako.

Kuna jambo lingine la taa za ukumbini ambalo limewapata wengi walionunua kamera mpya. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kamera inaona. Ukipiga kwa shata (muda wa kamera kufunguka) ya 1/500 ya sekunde unadaka kipande tu cha kupepesa huko, na picha inatoka na mistari ya giza. Teremka hadi 1/100 mistari hupungua au kuisha. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti hata kidogo, na kanisani ni neema: wakati wa kiapo, mlio wa DSLR, kamera yenye kioo, husikika hadi benchi la nyuma, na wachungaji na mapadri wetu wengi hawapendi mlio wala flashi muda ule. Lakini shata hiyo husoma sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) mstari kwa mstari, na chini ya LED ndiyo inayoleta mistari mibaya kuliko zote. Kanisani penye madirisha makubwa, washa ukimya. Ukumbini rudi kwenye shata ya kawaida, DJ atakufunika.

Halafu kuna shela. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hudhani kila inachokiona kinapaswa kuwa cha kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso wa mwenye gauni unazama. Wakija wazee wa suti nyeusi, inaongeza mwanga, na nyuso zinapauka. Sherehe nzima ni kuhama kati ya hizo mbili. Pimia uso, si nguo. Ukishapata mwanga mzuri wa uso, funga vipimo kwa mkono na uiache kamera isijifikirie.

Shambani mambo ni tofauti. Mwanga ni wa Mungu, lakini saa ya kupiga ungeweza kuichagua wewe, laiti ratiba ingekuwa yako. Ratiba ya mradi naijua kwa moyo: utambulisho wilayani saa tatu asubuhi, ofisi ya kijiji saa nne na nusu, kusaini kitabu cha wageni, hotuba fupi ambayo si fupi, na shambani mnafika saa sita. Mbeya iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Februari jua la saa sita liko karibu kabisa na utosi. Macho ya mkulima aliyevaa kofia yanakuwa mashimo mawili meusi. Wapo wanaowasha flashi, na inasaidia ukiwa na nguvu ya kutosha. Mimi hutumia kiroba cheupe cha mbolea kilichopasuliwa na kusafishwa: mtu mmoja anakishika chini usawa wa kiuno, mwanga wa jua unadunda hadi chini ya kofia, macho yanafufuka. Hakuna kijiji kisicho na kiroba. Kama kuna mgomba au mti wa parachichi karibu, msogeze mhusika kwenye ukingo wa kivuli, uso wake ukitazama kwenye uwazi. Katikati ya kivuli majani yatampaka ukijani.

Ukibahatika kupewa asubuhi, hasa Mufindi au Tukuyu, unapata kitu ambacho wa mjini hununua kwa hela nyingi: ukungu. Ni softiboksi lenye upana wa bonde zima. Hauna kivuli kikali, kijani cha chai kinakolea, na nyuso za wachumaji zinatoka laini bila kuongeza taa. Mita itakudanganya tena, itaugeuza ukungu kuwa wa kijivu mchafu, hivyo ongeza mwanga hatua moja juu ya inavyopendekeza. Na beba mfuko wa nailoni wa kufunika kamera. Tukuyu mvua haipigi hodi.

Mbugani unapewa saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, basi. Ruaha wakati wa kiangazi, kuanzia saa nne asubuhi ardhi inachemka na hewa inatetemeka kati yako na mnyama. Simba aliye mbali, hata kwa lenzi ya milimita 600, atatoka kama amechorwa kwa maji. Vijana hurudi wakilalamikia lenzi au fokasi. Lenzi haina kosa, ni hewa. Dawa yake ni kumkaribia mnyama au kwenda kulala hadi saa kumi. Kitulo ni kinyume chake: uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, mawingu yanapita siku nzima, na maua yanapenda mwanga huo wa mawingu. Adui wa kule ni upepo. Ua la okidi kwenye shina jembamba halitulii, na kwa shata ya chini ya 1/500 utarudi na picha za rangi zilizokorogeka.

Walio mbele ya kamera

Kwenye harusi kila mtu amevaa ili aonekane. Ridhaa si tatizo, tatizo ni wakubwa wako kuwa wengi. Bwana na bibi harusi wamekuajiri, kamati inalipa, lakini atakayepiga simu wiki mbili baadaye ni shangazi akiuliza picha ya ukoo wa upande wake iko wapi. Omba orodha ya picha za familia mapema, na umwombe kila upande mtu mmoja anayewajua ndugu kwa majina awe anaita. Wewe ukiita "wajomba wa bibi harusi jamani", watakuja kumi na mbili, watatu kati yao majirani.

Shambani ndiko kwenye kazi ngumu zaidi, na si ya ufundi. Mara nyingi mambo huenda hivi. Tumefika kwa mkulima wa viazi mkoani Njombe, afisa wa mradi ana karatasi yake: anataka mama akiwa ameshika jembe, matope miguuni, nyuma mlima. Tunasalimiana.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kamwene. Kumbe mnakuja na kamera, si mngesema jana?"

Anatutazama, anajitazama, anageuka kuingia ndani. Afisa anaangalia saa. Anamwambia, "Mama, hivyohivyo inatosha, tunataka uhalisia." Sauti inatoka ndani: "Uhalisia gani huo wa matope? Ngojeni." Baada ya muda anatoka na gauni la kanisani, kilemba kimefungwa vizuri, viatu vya ngozi, kitabu cha akiba cha kikundi chake mkononi. Anasimama mbele ya nyumba yenye bati jipya, mabega yamenyooka.

Piga hiyo picha kwanza. Ipige kwa umakini uleule ungempigia mkurugenzi, si kwa kumridhisha tu. Bati jipya na kitabu cha akiba ndivyo alivyovuna kwenye viazi, na mara nyingi hiyo ndiyo picha ambayo mteja huishia kuiweka kwenye jalada. Baada ya hapo mwombe arudi shambani kwa muda wake, kwa nguo zake za kazi, ukampige akiwa kazini kweli, asishikishwe jembe kama mwigizaji. Na umsafishie picha yake moja, umfikishie. Mtendaji wa kijiji anajua basi gani linapita.

Kisheria nako kuna tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imewafanya wateja wengi wa mashirika wadai fomu ya ridhaa iliyosainiwa kwa kila uso unaotambulika, na kwa mtoto saini ya mzazi au mlezi. Tenga muda wa kuieleza fomu kwa Kiswahili cha kawaida, na ikibidi mpate wa kutafsiri kwa Kibena, Kihehe au Kinyakyusa. Anayesaini asichokielewa hajaridhia.

Mnyama hasaini. Lakini mbugani kuna masharti yake: hushuki kwenye gari ovyo, hutoki nje ya barabara kumfuata chui, na picha za biashara zina kibali chake. Pia kuna mtu mmoja anayeamua picha yako kuliko kamera, naye ni dereva. Dereva anayejua kuzima injini mapema, akaliacha gari lisimame lenyewe ubavu ukielekea mnyama na jua likiwa nyuma yenu, ni bora kuliko lenzi yoyote. Mlipe vizuri.

Wanaosema picha za wanyama ni za watalii tu, nawakumbusha kipunji. Watafiti walimwona nyani huyo kwenye miteremko ya Mlima Rungwe mwaka 2003, wakati wenyeji walishakuwa na jina lake. Mwaka 2005 alipotangazwa kwa wanasayansi kuwa spishi mpya, hakukuwa na mwili wa kuweka makumbusho kama ilivyo desturi. Alielezwa kwa kutegemea picha, na wataalamu wakabishana kama hiyo inatosha. Aliyekuwa ameshika kamera kwenye utelezi ule wa Rungwe alikuwa anafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na ngozi na fuvu.

Lenzi na vitu vingine vya dukani

Hapa naenda haraka, maana nikishajua kazi, lenzi inajichagua.

Kwa sherehe, anza na 50 mm ya f/1.8. Ni nafuu, inaona gizani, na kwenye kamera yenye sensa ndogo inakuwa kama 75 au 80, urefu mzuri wa nyuso. Ukipata hela, 24-70 ya f/2.8 ndiyo punda wa ukumbini. Flashi mbili kabla ya lenzi ya pili. Na kamera yenye nafasi mbili za memori kadi, ikiandika picha zote mara mbili kwa pamoja, kwa sababu ndoa hairudiwi.

Kwa shambani, ileile 24-70 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Ongeza 35 mm kama unapenda kumwonyesha mtu pamoja na shamba lake. Hapo ndipo jozi ya sherehe na shambani inapoanza kuonekana ya busara: unanunua mara moja, unatumia kote.

Wanyama wanataka 400 hadi 600 mm, na bei yake inatosha kununua pikipiki. Usiinunue kabla hujawa na mteja. Kodisha, au kaa na 70-300 ujifunze kupiga tembo na mibuyu badala ya macho ya chui. Ruaha ina mibuyu ambayo haihitaji lenzi ndefu, inahitaji mtu aliyeamka mapema. Tripodi ndani ya gari ni usumbufu. Shona mfuko wa jinzi, ujaze maharage ya Mbeya, uutandike kwenye dirisha la gari, lenzi itatulia. Maharage unayapika ukirudi. Usibadilishe lenzi ukiwa barabarani Ruaha, vumbi lile jekundu likiingia kwenye sensa utalipata kwenye kila anga ya bluu hadi Krismasi.

Baridi nayo ihesabu, hasa Juni na Julai kwa anayefanya kazi Makete, Njombe au Mufindi. Betri huisha upesi kwenye baridi, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. Ukitoka nje alfajiri ukaingia jikoni kwenye moto, lenzi itatokwa jasho. Iache kwenye begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu, usiifute kwa kitenge.

RAW au JPEG? RAW, faili ghafi ya kuhariri, kwa kila kitu unacholipwa; JPEG, iliyo tayari kutumwa, kwa mahafali ya wanafunzi mia tatu wanaotaka picha kesho yake. Droni: inapendeza juu ya mashamba ya chai, lakini inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi za taifa hairushwi bila ruhusa maalumu. Mteja akikuambia "rusha tu, hakuna atakayeona", jua kamera itakayozuiliwa ni yako.

Hela inavyokuja

Harusi inalipa mapema na kwa vipande. Chukua advansi siku ya kuweka tarehe, nusu kabla ya siku yenyewe, na iliyobaki kabla albamu haijatoka mkononi mwako. Michango ya kamati hukaukia kwenye chakula na ukumbi, na mpiga picha akikubali kulipwa "baada ya kamati kuvunjwa" amejiunga na wachangiaji. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa: kuhariri. Siku moja ya harusi inakula siku kadhaa za kompyuta, na wateja wa leo wanataka picha chache za kuposti usiku uleule.

Mashirika yanalipa vizuri zaidi kwa siku, lakini yanachelewa. Utadaiwa TIN, ankara na risiti, kisha watakata kodi ya zuio ya asilimia 5, halafu utasubiri. Mwezi mmoja ni kawaida, miwili haishangazi. Anayeingia kwenye kazi hii bila akiba ya mafuta na chakula ataikimbia kabla ya kuipenda. Andikeni pia mapema picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Picha uliyopiga kwa ajili ya ripoti haipaswi kukushangaza kwenye bango la barabarani Uyole.

Picha za utalii, niseme wazi, ndizo zenye sifa nyingi na hela kidogo kwa anayeanza. Ofa ya kawaida kutoka kwenye kambi na hoteli ni kulala na kula bure kwa kubadilishana na picha, pamoja na ahadi ya kukutangaza. Ukubali mara moja ili upate sampuli, ukijua hujalipwa. Hela ya kweli huku huja ukishakuwa na kitu ambacho wengine hawana: picha za kiangazi za Mto Ruaha Mkuu ulioanza kukauka tangu miaka ya 1990, au tandala wakubwa na wadogo waliopigwa na mtu anayejua tofauti zao. Hiyo inachukua miaka.

Kalenda ndiyo inayoamua

Sasa rudi kwenye Jumamosi zako. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, hela inaingia vijijini na mjini, na harusi zinafuatana hadi Desemba. Septemba na Oktoba zinaongezeka mahafali za kidato cha nne kabla ya mtihani wa Novemba, kisha mahafali za vyuo. Miezi hiyohiyo, Juni hadi Oktoba, ndiyo Ruaha inakuwa kavu, nyasi zimelala na wanyama wamejikusanya kwenye maji yaliyobaki. Sherehe na wanyama vinagombea miezi ileile. Anayejaribu vyote viwili atakuwa anaomba radhi kwa kamati au anaangalia picha za wenzake za mbwa mwitu kwenye simu. Kwa mkazi wa Iringa kidogo inawezekana, maana kutoka mjini hadi hifadhini ni kama kilomita 130, unaweza kwenda Jumatatu ukarudi Alhamisi. Kwa mkazi wa Mbeya kuna zaidi ya kilomita 300 za kufika Iringa kwanza. Sahau.

Kazi ya shambani inakaa na yoyote kati ya hizo mbili. Ni ya katikati ya wiki, na sehemu yake nzuri iko kwenye mvua: chai ya Mufindi na Rungwe inachumwa kwa wingi kati ya Desemba na Mei, na kuanzia Aprili halmashauri na miradi huanza kuhangaika kuonyesha kazi iliyofanyika kabla mwaka wa fedha wa serikali haujafungwa 30 Juni.

Kwa hiyo, ukiwa Mbeya mjini, Tukuyu au Mafinga, kamata sherehe na shambani. Nunua 50 mm, flashi mbili, kisha 24-70, na koti la mvua la maana. Ukiwa Iringa, na una roho ya kukaa kimya ndani ya gari kwa muda wa saa tano bila kupiga chochote, kamata wanyama na shambani, sherehe uzichukue za ndugu tu. Njombe na Makete ningeongeza jozi ambayo watu hawaifikirii: shambani na mandhari. Kitulo iko pale, imekuwa hifadhi tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake ni ya Novemba hadi Aprili, wakati ambao wa Ruaha wamefunga lenzi zao. Lenzi ya kupigia vitu vya karibu haifiki nusu ya bei ya lenzi ya simba. Hela ya haraka hutaiona huko, ila hutakuwa na washindani wengi.

Anayeanza na jozi ya sherehe na shambani huwa hajui aende lini kubisha hodi kwenye ofisi za miradi. Nenda Jumatano ya Majivu. Makanisa yetu mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo Jumamosi zako ziko wazi hadi Pasaka, chai iko kwenye kilele, maafisa bado wana bajeti ya kutumia, na usipopata kazi wiki ile, Kitulo bado ina maua ya kufanyia sampuli.